Karatasi ya Kiingereza katika Mtihani wa Kujiunga na Vyuo Vikuu nchini China

Mtihani wa taifa wa kujiunga na vyuo vikuu nchini China, ambao kwa Kichina huitwa gaokao, una masomo matatu ambayo hakuna mtahiniwa anayeweza kuyakwepa, nayo ni Kichina, hisabati na lugha ya kigeni. Kila somo kati ya hayo lina alama 150, na ingawa kanuni zinamruhusu mtahiniwa kuchagua Kirusi, Kijapani, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, walio wengi mno huchagua Kiingereza. Mwaka 2024 waliojiandikisha kufanya mtihani huo walizidi milioni 13.4, na kwa hiyo karatasi ya Kiingereza inayofanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, imekuwa miongoni mwa mitihani mikubwa kabisa ya lugha duniani. Msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambaye amezoea kukiona Kiingereza kikitumika kuulizia maswali ya baiolojia na jiografia katika shule za sekondari, hana budi kukumbuka kwamba nchini China masomo mengine kwa kawaida hufundishwa na kutahiniwa kwa Kichina, na Kiingereza hubaki kuwa somo kama yalivyo masomo mengine. Hata hivyo somo hilo limeweza kumpandisha au kumwangusha kijana kwa uzito uleule wa hisabati, na historia ya jinsi lilivyofikia hapo ni historia ya mvutano kati ya mambo mawili yanayostahili heshima: nia ya kupima lugha inavyotumiwa na watu, na haki ya kila mtahiniwa kupimwa kwa kipimo kilekile alichopimiwa mwenzake.

Haki hiyo ya pili ina mizizi mirefu. Tangu enzi ya ukoo wa Sui, mwanzoni mwa karne ya 7, watawala wa China walianza kuwateua maofisa wao kwa mitihani ya maandishi iliyojulikana kama keju, ambayo iliendelea, kwa kukatizwa hapa na pale, hadi mwaka 1905. Katika karne zake za baadaye majina ya watahiniwa yalifichwa, majibu yakanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asiutambue mwandiko, na watahiniwa wakafungiwa kila mmoja katika kijumba chake. Mitihani hiyo haikuwa na lugha ya kigeni hata moja, kwa kuwa elimu iliyoheshimiwa ilikuwa ile ya vitabu vya Confucius na wafuasi wake, na kazi ya ukalimani iliachiwa watu wa bandarini ambao wasomi waliwadharau. Lakini keju iliijengea jamii imani kwamba mtoto wa mkulima, akisoma kwa bidii na akasahihishiwa bila upendeleo, anaweza kuinuka, na imani hiyo ilihamia katika kila mtihani uliofuata, ukiwemo wa Kiingereza.

Kiingereza kiliingia katika elimu ya dola kwa kulazimishwa na vita. Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858, uliotiwa saini baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kuishinda China, ulieleza kwamba barua rasmi za Uingereza zingeandikwa kwa Kiingereza, zikiambatishwa tafsiri ya Kichina kwa muda tu, na kwamba maana zikitofautiana, maneno ya Kiingereza ndiyo yangehesabiwa kuwa sahihi. Dola ikajikuta inafungwa na nyaraka ambazo maofisa wake hawakuweza kuzisoma. Mwaka 1862 Mwanamfalme Gong, aliyeongoza ofisi mpya ya mambo ya nje, aliidhinishiwa kufungua Beijing shule iliyoitwa Tongwen Guan, na wanafunzi 10 wa kwanza, wote vijana wa Mabango Manane, yaani familia za kijeshi za utawala wa Wamanchu, wakaanza kufundishwa Kiingereza na mmisionari Mwingereza aliyeitwa John Burdon. Shule za namna hiyo zikafunguliwa Shanghai mwaka 1863 na Guangzhou mwaka 1864, na W. A. P. Martin, mmisionari Mmarekani, akaja kuiongoza ile ya Beijing kwa miaka mingi.

Kinachovutia zaidi katika shule hiyo ni mitihani yake, kwa sababu ndiyo mitihani ya kwanza ya Kiingereza iliyoendeshwa na serikali ya China. Palikuwa na mtihani wa kila mwezi, wa kila robo mwaka, wa kila mwaka, na mtihani mkuu wa kila baada ya miaka mitatu, ambao uliwafungulia waliofanya vizuri vyeo vya madaraja ya chini katika utumishi wa dola. Swali kubwa lilikuwa tafsiri: mwanafunzi alipewa barua ya kibalozi ya nchi ya kigeni aigeuze kuwa Kichina, au maandishi ya Kichina ayageuze kuwa Kiingereza. Kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa kilekile ambacho dola ilikihitaji, na aliyefaulu aliweza kupelekwa kazini papo hapo. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, Zhang Deyi, alisafiri Ulaya na Marekani na misafara ya kibalozi, akateuliwa mwaka 1891 kuwa mmoja wa waliomfundisha Kiingereza Mfalme Guangxu, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaiwakilisha nchi yake mjini London. Uwiano huo wa karibu kati ya swali la mtihani na kazi inayomsubiri mtahiniwa haukupatikana tena katika historia yote iliyofuata, na sababu yake ni rahisi kuiona: shule ile ilikuwa na wanafunzi wachache, na mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina.

Keju ilipofutwa mwaka 1905, mfumo mpya wa shule uliotangazwa mwaka mmoja kabla ulikuwa tayari umeziwekea shule za sekondari vipindi vya lugha ya kigeni, na Kiingereza kikawa njia ya kwenda ng'ambo. Baada ya Marekani kukubali mwaka 1908 kurudisha sehemu ya fidia iliyokuwa imetozwa China kufuatia vita vya mwaka 1900, fedha hizo zilitengwa kuwasomesha vijana katika vyuo vya Marekani, na waliozigombea walifanya mtihani mjini Beijing ambao Kiingereza kilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo kabisa. Walichaguliwa 47 mwaka 1909 na 70 mwaka 1910, na katika kundi hilo la pili walikuwamo Hu Shi, aliyekuja kuongoza harakati za kuandika fasihi kwa Kichina cha kawaida, na Zhao Yuanren, mwanaisimu mkubwa wa karne hiyo. Kwa miongo iliyofuata kila chuo kikuu kilijitungia mtihani wake, na vingi, hasa vile vilivyoanzishwa na wamisionari na kufundisha kwa Kiingereza, viliitilia lugha hiyo uzito mkubwa. Mwandishi Qian Zhongshu alikubaliwa na Chuo Kikuu cha Tsinghua mwaka 1929 licha ya kuanguka vibaya katika hisabati, kwa kuwa Kichina na Kiingereza chake vilikuwa vya kiwango cha juu mno. Mfumo huo ulimpa msomi wa aina yake nafasi ambayo mtihani wa alama za jumla usingempa, lakini uliwapendelea watoto wa mijini, wa familia zilizoweza kulipia shule zenye walimu wa Kiingereza, na upendeleo huo ndio serikali iliyofuata iliyodai kuukomesha.

Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1952 mtihani mmoja wa kuingia vyuo vikuu ukaanzishwa kwa nchi nzima. Siasa za wakati huo zilikifanya Kirusi kuwa lugha ya kigeni ya kwanza, na walimu wengi wa Kiingereza walitakiwa kujifunza Kirusi ili wakifundishe au kuhamia masomo mengine. Mwaka 1954 lugha za kigeni ziliondolewa kabisa katika sekondari za chini ili kuwapunguzia wanafunzi mzigo, uamuzi ambao ulianza kutenguliwa miaka mitatu tu baadaye. Uhusiano na Moscow ulipoharibika, mpango wa miaka saba wa lugha za kigeni uliotolewa mwaka 1964 ulikirudisha Kiingereza mbele, lakini haukupata muda wa kuzaa matunda, kwa maana mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalianza na mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukasimamishwa.

Katika miaka hiyo karatasi ya Kiingereza iliingia katika siasa kwa namna ya kuhuzunisha. Mwezi Julai 1973, katika shule moja ya kijijini kwenye wilaya ya Tanghe, jimbo la Henan, mwanafunzi wa kike mwenye umri wa miaka 15 alishindwa kujibu mtihani wa Kiingereza, akaandika nyuma ya karatasi yake beti fupi zilizosema kwamba Mchina hana haja ya lugha ya kigeni na kwamba mtu anaweza kuwa mwanamapinduzi bila kuzijua herufi zake. Walimu walimkemea mbele ya wenzake, naye akajitosa majini akafa. Kundi la Jiang Qing, mke wa Mao Zedong, lililichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba mitihani ni silaha ya matabaka ya zamani, taarifa yake ikasambazwa nchi nzima mwaka 1974, na mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa darasa wakafungwa gerezani. Waliopoteza katika tukio hilo ni wengi: mtoto aliyepoteza maisha, walimu waliofungwa, na kizazi kizima cha wanafunzi ambacho walimu wake waliogopa kuwasahihisha. Baada ya hapo kuanguka katika Kiingereza kuliweza kuhesabiwa kuwa ushujaa, na mwalimu aliyetoa alama kwa haki alikuwa anahatarisha uhuru wake.

Kurudi kwa mtihani kulikuja haraka. Mwezi Agosti 1977 Deng Xiaoping, akikutana na wanasayansi na walimu, aliamua kwamba mtihani wa taifa ufanywe mwaka uleule, na katika majira ya baridi takriban watu milioni 5.7, wengi wao wakiwa wamekaa mashambani na viwandani kwa miaka kumi, waligombea nafasi zisizofika 300,000. Wakati huo lugha ya kigeni ilitahiniwa kwa wale tu walioomba kuisomea chuoni, kwa sababu isingekuwa haki kumpima mtu kwa somo ambalo hakuwahi kufundishwa. Mwaka 1978 karatasi hiyo ilianza kufanywa na watahiniwa wa masomo mengine, lakini alama zake zilitazamwa pembeni tu bila kuhesabiwa katika jumla. Kisha wizara ya elimu ikachukua njia ya hatua kwa hatua ambayo inastahili kusifiwa kwa busara yake: mwaka 1979 asilimia 10 ya alama za lugha ya kigeni iliingizwa katika jumla, kwanza kwa walioomba vyuo vikuu teule, mwaka 1980 ikawa asilimia 30, mwaka 1981 asilimia 50, mwaka 1982 asilimia 70, na mwaka 1983 zikahesabiwa zote. Kila mwaka ulizipa shule muda wa kutafuta mwalimu, na kijana aliyekuwa sekondari ya chini mwaka 1979 alijua mapema mzigo unaomngoja. Watu walivisaka vitabu vya Kiingereza vya Profesa Xu Guozhang, wakasikiliza masomo ya redioni, na kuanzia mwaka 1982 wakajazana mbele ya televisheni chache zilizokuwepo kutazama mfululizo wa masomo uliotengenezwa na BBC.

Karatasi za miaka hiyo zilipima zaidi sarufi, matamshi yanayotambuliwa kwa maandishi, na tafsiri ya sentensi zisizohusiana. Mwanafunzi aliweza kupata alama nzuri bila kusoma habari ndefu hata moja, na zaidi ya hayo ugumu wa maswali ulipanda na kushuka kutoka mwaka hadi mwaka, hivi kwamba alama 70 za mwaka mmoja hazikuwa na thamani ileile mwaka uliofuata. Marekebisho yalianzia kusini. Mwaka 1985 jimbo la Guangdong liliruhusiwa kujaribu mtihani sanifu, yaani mtihani ambao maswali yake hujaribiwa kwanza kwa wanafunzi wengine, ugumu wa kila swali hupimwa kwa takwimu, na alama hurekebishwa ili matokeo ya miaka tofauti yaweze kulinganishwa. Kazi hiyo iliongozwa na Gui Shichun, mwanaisimu wa Taasisi ya Lugha za Kigeni ya Guangzhou, akishirikiana na Li Xiaoju, ambaye alikuwa tayari anajulikana kwa kozi yake ya kufundisha Kiingereza kwa kukitumia katika mawasiliano. Sehemu kubwa ya karatasi yao ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, yakisahihishwa na mashine. Palikuwa pia na kifungu chenye nafasi zilizoachwa wazi ambazo mtahiniwa huzijaza kwa kufuata mtiririko wa habari nzima, na vifungu vya ufahamu. Kufikia mwishoni mwa muongo huo mtindo huo ulikuwa umeenea katika nchi nzima.

Wabunifu hawa hawakuificha shabaha yao. Wataalamu wa upimaji wa lugha huzungumzia athari rejea, yaani namna mtihani unavyorudi nyuma na kuongoza yale yanayofundishwa darasani kabla ya siku yake, na Li Xiaoju aliamini kwamba katika nchi ambayo hakuna mwalimu anayethubutu kufundisha kisichotahiniwa, njia fupi ya kubadilisha ufundishaji ni kubadilisha karatasi. Katika makala yake ya mwaka 1990, iliyosomwa sana na wataalamu wa fani hiyo, alieleza dalili njema: walimu walianza kutafuta vitabu zaidi ya kile cha darasani, na wanafunzi wakasoma Kiingereza nje ya vipindi. Takriban miaka 15 baadaye mtafiti Qi Luxia alichunguza upya suala hilo kwa kuwahoji watunga mitihani, walimu na wanafunzi na kuingia madarasani, akakuta picha nyingine. Watunga mitihani walikuwa bado wanataka lugha itumike, lakini walimu walitumia vipindi vingi kufanyisha mazoezi yanayofanana na maswali ya mtihani, kwa kuwa shule hupimwa kwa matokeo na mwalimu hupimwa kwa darasa lake.

Mfano ulio wazi zaidi ni swali la utungaji. Watunga mitihani waliuweka utungaji katika muktadha: mtahiniwa hupewa hali fulani, huambiwa anamwandikia nani na kwa sababu gani, kisha huandika utungo mfupi, mara nyingi barua. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mwandishi wa barua hizo mara nyingi amekuwa mtu mmoja wa kubuniwa aitwaye Li Hua, mwanafunzi wa sekondari anayemwalika rafiki mgeni kwenye maonyesho, anayeomba kazi ya kujitolea au anayemwomba mwalimu wa Kiingereza amsahihishie makala. Mamilioni ya Wachina wamewahi kuandika kwa jina lake, na hata watu wazima humkumbuka kama wanavyowakumbuka Li Lei na Han Meimei, wahusika wa kitabu cha Kiingereza cha sekondari kilichotungwa kwa ushirikiano na shirika la uchapishaji la Longman na kuanza kutumika mwaka 1990. Wazo la kumpa mtahiniwa msomaji wa kumwandikia lilikuwa zuri. Qi Luxia alikuta, hata hivyo, kwamba darasani rafiki huyo mgeni hakuwepo kabisa, kwa sababu mwanafunzi alimwandikia msahihishaji, akikwepa sentensi yoyote inayoweza kumletea kosa la sarufi na akijitahidi mwandiko wake upendeze machoni. Jambo la mwandiko limefika mbali zaidi tangu wakati huo. Katika jimbo la Hebei, sekondari ya Hengshui, ambayo ni maarufu kwa nidhamu yake kali, ilikuza mwandiko wa Kiingereza wenye herufi za duara, zilizosimama wima, zenye ukubwa na nafasi sawa kiasi cha kufanana na maandishi ya mashine, na mwandiko huo sasa huigwa nchi nzima kwa madaftari maalumu ya kufuatishia herufi. Anayesahihisha mamia ya tungo kwa siku huipokea karatasi ya namna hiyo kwa faraja, na mwanafunzi anayetenga nusu saa kila asubuhi kunyoosha herufi zake ametambua vyema mtihani unataka nini kwake.

Baada ya hapo karatasi ilizidi kupanuka. Majaribio ya kusikiliza yaliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Guangdong ikitangulia, na hatimaye yakachukua alama 30 kati ya 150, ingawa baadhi ya majimbo yaliendelea kutoyahesabu kwa kuwa vipaza sauti vya shule za wilayani havikuaminika. Orodha ya msamiati ikafika takriban maneno 3,500, na mwaka 2001, mwaka ambao China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, wizara iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi. Guangdong ilitangulia tena mwaka 2011 kwa kuanzisha mtihani wa kusikiliza na kuzungumza unaofanywa kwa kompyuta: mtahiniwa huvaa vipokea sauti vya masikioni, husoma kifungu kwa sauti akifuatisha filamu fupi, huuliza na kujibu maswali kana kwamba yumo katika mazungumzo, kisha husimulia upya hadithi aliyoisikia, na sauti yake hurekodiwa na kusahihishwa baadaye. Mazungumzo na mashine si mazungumzo kamili, lakini kwa mara ya kwanza katika historia ya mtihani huo wanafunzi wa jimbo zima, wala si wale tu wanaokwenda kusomea lugha, walipewa alama kwa kufungua vinywa vyao.

Mageuzi makubwa zaidi yalitangazwa na Baraza la Serikali mwezi Septemba 2014, nayo yalikusudia kuondoa hali ya kijana kuamuliwa hatima kwa siku moja, kwa kuruhusu mtihani wa lugha ya kigeni ufanywe mara mbili na alama iliyo kubwa zaidi ihesabiwe. Mji wa Shanghai na jimbo la Zhejiang vilichaguliwa kuanza. Mwezi Oktoba 2016 Zhejiang ilileta pia swali la aina mpya lililotokana na nadharia ya mwanaisimu Wang Chuming wa Guangzhou, ambalo humpa mtahiniwa hadithi iliyokatizwa njiani pamoja na sentensi ya kwanza ya kila aya kati ya aya mbili zinazofuata, naye huimalizia kwa maneno yapatayo 150. Ili afanikiwe hana budi kuielewa hadithi, kuishika sauti ya mwandishi wake na kuazima msamiati wake, hivi kwamba kusoma na kuandika huwa kazi moja. Swali hilo lina alama 25, na miongoni mwa maswali yote yaliyowahi kuwekwa katika karatasi hiyo, hili ndilo linaloacha nafasi kubwa zaidi kwa akili ya mtoto mwenyewe. Hata hivyo vitabu vya misemo iliyo tayari ya kueleza hofu, machozi na machweo ya jua vilijaa madukani mara moja, na walimu wakaanza kuwafundisha wanafunzi namna ya kuipachika katika hadithi yoyote itakayokuja.

Ni katika Zhejiang pia ambako mvutano uliotajwa mwanzoni ulijitokeza hadharani kuliko popote. Mtihani wa Novemba 2018 ulionekana kuwa mgumu kuliko wa mwaka uliotangulia, na maofisa wa elimu wa jimbo, wakiwa na hofu kwamba waliofanya karatasi hiyo wangepunjwa, waliziongezea uzito alama za baadhi ya maswali ya ufahamu na za swali la kumalizia hadithi bila kuutangazia umma. Matokeo yalipotoka tarehe 24 Novemba, wanafunzi walijumlisha alama za majibu waliyokuwa na uhakika nayo, wakaona hesabu hazikubaliani, na wazazi wakaja juu. Uchunguzi ulioongozwa na gavana wa jimbo ulihitimisha mwanzoni mwa Desemba kwamba uamuzi ule ulikuwa wa makosa, alama halisi zikarudishwa kwa watahiniwa wote, na mkuu wa idara ya elimu ya jimbo akaondolewa madarakani. Kulinganisha alama za karatasi mbili zenye ugumu tofauti ni jambo la kawaida kitaalamu, na kundi la Gui Shichun lilikuwa limeshughulika nalo tangu mwaka 1985 kwa maswali yaliyojaribiwa mapema na kwa kanuni zilizojulikana. Mtihani unaofanywa mara mbili kwa mwaka hauwezi kuwa wa haki bila kulinganishwa kwa namna hiyo. Kosa la Zhejiang lilikuwa kufanya kwa siri, na baada ya karatasi kusahihishwa, kile ambacho kilipaswa kuandaliwa na kuelezwa kabla, na matokeo yake ni kwamba umma uliiegemea alama ghafi, alama ambayo mzazi yeyote anaweza kuijumlisha mwenyewe mezani kwake.

Mjadala juu ya uzito wa Kiingereza nao umeendelea. Mwaka 2013 Beijing ilitoa rasimu ya kupunguza alama zake kutoka 150 hadi 100 na kuziongeza za Kichina hadi 180, pendekezo lililozungumzwa mno lakini ambalo halikutekelezwa kwa sura hiyo, na mwaka 2021, baada ya mjumbe mmoja wa mkutano mkuu wa mashauriano ya kisiasa kupendekeza Kiingereza kisiwe tena somo la msingi, wizara ilijibu kwamba kitabaki. Wanafunzi wenyewe wametafuta mlango mwingine: idadi ya wanaochagua Kijapani iliongezeka kwa kasi, wengi wao wakiwa vijana waliokata tamaa na Kiingereza na ambao husaidiwa na maandishi ya Kijapani yanayotumia alama nyingi zenye asili ya Kichina.

Beijing hatimaye ilifuata njia tofauti na ile ya rasimu yake. Tangu mtihani wa mwaka 2021 alama 150 za Kiingereza zimebaki, lakini 50 kati yake, yaani theluthi nzima, hutolewa kwa kusikiliza na kuzungumza, kwa kompyuta, na mtahiniwa hupewa nafasi mbili. Shanghai nayo huhesabu alama za kuzungumza, ingawa ni chache. Katika majimbo mengi yaliyobaki mtahiniwa bado anaweza kufikia alama ya juu kabisa ya Kiingereza bila kutamka neno mbele ya msahihishaji, na walimu wa shule za milimani katika majimbo ya Guizhou au Gansu wanajua kwa nini. Kuzungumza kunahitaji vyumba vyenye kompyuta za kutosha, umeme usiokatika, vipokea sauti visivyokoroma na walimu ambao wenyewe walipata kukizungumza Kiingereza walipokuwa wanasoma. Siku wizara itakapotaka theluthi ile ya Beijing ihesabiwe katika kila jimbo, jambo la kwanza watakalouliza wazazi wa huko ni kama kijana wao atawekewa kifaa kilekile alichowekewa kijana wa mji mkuu.